Sura ya Tano: Kutoka Msimbazi Kwenda Jangwani

Jonas Mkude aliingia Simba akiwa kijana wa kikosi cha pili, akatoka akiwa mtu mzima. Kwa zaidi ya miaka kumi alicheza kiungo katika jezi nyekundu. Alivaa kitambaa cha unahodha, akavuliwa. Alisimamishwa kwa makosa ya nidhamu, akasamehewa, akarudi kikosini. Alikuwamo timu ilipotwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18. Waliompenda walimwita Nungunungu, na hata waliomchoka walikuwa hawawezi kuitaja Simba ya miaka ile bila kumtaja yeye.

Msimu wa 2022/23 ulipokwisha, klabu ikaweka picha yake mtandaoni na maneno machache ya shukrani. Kwa lugha ya mashabiki wa siku hizi, Mkude alikuwa amepewa Thank You. Wiki chache baadaye Yanga wakamtambulisha kuwa mchezaji wao.

Kilichofuata kila mtu wa Dar es Salaam anakijua. Kuna waliocheka, kuna waliokasirika, na kuna waliotoa lile neno ambalo Kariakoo halikosekani kila dirisha la usajili linapofunguliwa: msaliti. Mtu aliyeambiwa ahsante na kwaheri, mkataba umekwisha, hana timu, ana familia na miguu ambayo bado ina mwaka mmoja au miwili ya kazi, anaitwa msaliti kwa sababu aliyempa kazi ni jirani.

Sura hii inahusu neno hilo na watu wanaotupiwa. Nimefuatilia usajili wa Simba na Yanga kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoufuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunamdai uaminifu mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika biashara hii, huku wenye uwezo mkubwa wakipita bila kuulizwa.

Nianze na shabiki, maana bila yeye hakuna la kusimulia. Mnazi wa Simba au Yanga mara nyingi hakuichagua timu. Alizaliwa akaikuta nyumbani kama alivyoikuta dini ya wazazi wake. Baba alikuwa Yanga, mjomba alikuwa Simba, mtoto akavutwa huku na huku mpaka siku moja akajikuta analia timu imefungwa, na hapo ndipo alipojua yeye ni wa wapi. Hapokei mshahara. Analipa kiingilio cha mzunguko, ananunua jezi mpya kila mwaka, anapanda basi usiku kucha kutoka Mwanza au Mbeya kwenda kuangalia dabi, na Jumatatu anakwenda kazini kutaniwa mpaka jioni. Huyu hawezi kuhama. Shabiki aliyehama timu ni kitu cha kusimuliwa vijiweni miaka ishirini.

Ukitaka kuona maumivu yake kwa karibu, pita Kariakoo mwezi wa saba, kwenye mitaa wanakouza jezi. Mwaka 2024 Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga, tarehe 1 Julai, kulikuwa na jezi nyekundu zisizohesabika mjini zenye jina lake mgongoni na namba 17. Jina lililobandikwa kwa moto halitoki vizuri. Ukilibandua linaacha alama ya herufi kwenye kitambaa, na kila mtu anaweza kusoma lilikuwa la nani. Mtu aliyemnunulia mwanawe jezi ile alilazimika kumweleza mtoto kwamba yule Mwamba wa Lusaka, aliyewafunga Nkana Desemba 2018 na AS Vita Machi 2019 katika dakika za mwisho, sasa ni wa kule. Hilo ni jambo zito kwa mtoto, na sitalifanyia mzaha.

Ila kosa letu linaanzia hapo hapo. Tunachukua mapenzi ya shabiki, ambayo ni ya maisha na hayana malipo, tunamvisha nayo mchezaji, ambaye amekuja kazini kwa mkataba wa miaka miwili. Chama ni Mzambia. Alikuja Simba mwaka 2018 akitokea Lusaka Dynamos kwa sababu Simba walimtaka na walikuwa na fedha. Mwaka 2021 klabu ikamuuza Morocco kwa RS Berkane, na sikumbuki mtu aliyesimama kuilaumu klabu kwa kuwauza mashabiki wake. Akarudi Januari 2022, akacheza, na mkataba ulipoisha alikuwa na miaka 33. Mshambuliaji au kiungo wa umri huo anajua kabisa kwamba mkataba unaofuata unaweza kuwa wa mwisho wenye maana. Aliyeleta ofa nzuri alikuwa Yanga. Nikijiuliza angepaswa kufanya nini, sipati jibu lingine la haki zaidi ya lile alilolitoa mwenyewe kwa kusaini.

Wenye kumbukumbu watasema zamani haikuwa hivi. Nami nasema zamani ilikuwa hivi, tena zaidi. Simba yenyewe imezaliwa na watu waliohama. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wakajitenga wakaunda timu yao, iliyopita majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ikapasuka tena, na wachezaji wengi wa kikosi kile kikali wakaondoka kwenda kuunda Pan African. Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta kwa akili yake uwanjani, alikwenda kutafuta maisha ya soka Ulaya wakati ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa ameifungua njia hiyo. Kuhama kupo katika msingi wa klabu hizi. Kilichobadilika ni fedha na kasi ya habari. Zamani habari ya mchezaji kuhama ilipita kwenye baraza za kahawa siku kadhaa kabla ya kufika gazetini. Sasa picha yake akiwa na jezi mpya inawekwa saa sita usiku, na kufika alfajiri ameshatukanwa na watu laki moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Amissi Tambwe. Mrundi huyu alikuja Simba mwaka 2013 akitokea Vital'O, ambao walikuwa wametoka kutwaa Kombe la Kagame na yeye akiwa mfungaji bora. Msimu wake wa kwanza nchini alifunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa ligi, katika timu ambayo haikuwa na msimu mzuri. Miezi michache baadaye, dirisha dogo la Desemba 2014, Simba wakamtema. Mfungaji bora wa ligi akaonekana hafai. Yanga wakamchukua hapo hapo.

Tambwe akawalipa wote wawili kwa mabao. Msimu wa 2015/16 alifunga 21 na kuwa tena mfungaji bora, Yanga wakawa mabingwa. Simba aliwafunga Septemba 2015, akawafunga Februari 2016. Oktoba 2016 akawafunga bao lililozua vurugu: Simba walidai mpira aliuweka sawa kwa mkono, wachezaji wakamzonga mwamuzi, Mkude yule yule akaonyeshwa kadi nyekundu, na kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa viti vikaanza kung'olewa. Mechi iliisha 1-1, lakini serikali ilizifungia klabu zote mbili uwanja ule kwa muda.

Hasira ile ilikuwa na mambo mengi ndani yake, kuanzia uamuzi wa refa. Ila aliyekuwa uwanjani au aliyesikiliza redio siku zile anajua kwamba Tambwe alizomewa kama mtu aliyewakimbia. Hakuwakimbia. Walimwonyesha mlango, naye akatoka. Sijasikia hata mara moja mashabiki wakiiita kamati ya usajili ya mwaka 2014 wasaliti, ingawa ndiyo iliyomkabidhi mfungaji bora kwa watani wa jadi bila hata kupata ada ya uhamisho.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba tatizo letu haliko kwenye kuondoka kwenyewe. Fiston Mayele aliwafungia Yanga mabao kwa misimu miwili, akaongoza kwa ufungaji katika Kombe la Shirikisho Afrika 2022/23, kisha akauzwa kwa Pyramids ya Misri. Hakuna aliyechoma jezi. Pyramids walipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2025, na Mayele akafunga katika mechi ya mwisho, Jangwani kuna watu waliofurahi kama vile kombe linaletwa kwao. Mbwana Samatta alikaa Simba muda mfupi tu kabla ya kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, na kila alipozidi kwenda mbali, Genk, kisha Aston Villa, ndivyo Simba walivyozidi kumwita mtoto wao. Wote wawili walifuata fedha na makombe. Walichofanya hakina tofauti na alichofanya Chama, isipokuwa umbali. Kutoka Msimbazi kwa Simba hadi kwa Yanga, kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, ni mwendo mfupi wa miguu, na ndiyo safari pekee isiyosamehewa.

Naielewa sababu. Anayekwenda Cairo hatarudi kukufunga Jumamosi. Anayekwenda Jangwani atakufunga, na jirani atakucheka mlangoni. Uchungu huo ni halali kabisa. Ninachokataa ni kuugeuza kuwa hukumu ya tabia ya mtu.

Sasa tuje kwa mchezaji ambaye kisa chake kinanipa shida zaidi, kwa kuwa kwake siwezi kusema alikuwa sahihi moja kwa moja, wala siwezi kusimama na klabu.

Feisal Salum, Fei Toto, alitoka Zanzibar, katika timu ya JKU, akajiunga na Yanga mwaka 2018. Yanga ya miaka ile ilikuwa ikipita njaa: mishahara ilichelewa, na michango ya mashabiki ilipitishwa ili timu iishi. Kijana akakaa, akakua, akawa moyo wa timu, na wadhamini walipokuja na Yanga ikarudi kileleni alikuwa mmoja wa waliovumilia kipindi kigumu. Kisha Desemba 2022, msimu ukiwa katikati, akaaga. Aliweka kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Hesabu hiyo inaeleza yenyewe mshahara wake ulikuwa kiasi gani kwa mwezi, na mtu anayejua nyota wa kigeni walikuwa wakilipwa nini katika ligi yetu ataelewa kilichokuwa kikimuuma.

Yanga wakakataa. Walisema mkataba unakwenda hadi Mei 2024, na kwamba kuvunja mkataba ni jambo la kukaa mezani pande mbili, haliwezi kufanywa na mmoja kwa kuweka fedha benki. Januari 2023 Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka nchini, TFF, ikaamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba uamuzi upitiwe upya, hakufanikiwa. Hakurudi kambini. Miezi ikapita.

Kuhusu utaratibu, nadhani Feisal alikosea. Mkataba una tarehe, na tarehe zile zinamlinda mchezaji kama zinavyomlinda mwajiri. Kuondoka timu ikiwa katikati ya mbio za ubingwa na mashindano ya Afrika kunawaumiza pia wenzako wa chumba cha kubadilishia nguo, ambao hawakuhusika na mshahara wako. Angeweza kudai mkataba mpya hadharani, angeweza kuomba kuuzwa mwisho wa msimu. Hilo nalisema nikijua kwamba ni rahisi kulisema ukiwa umekaa mezani.

Lakini kuhusu kutaka kuondoka, hakukosea hata kidogo. Klabu iliyokuwa ikimlipa mgeni mara kadhaa ya anacholipwa kijana wake ilikuwa na muda wote wa kumwita na kumwongezea. Uaminifu wake katika miaka ya njaa ulitajwa tu siku alipotaka kuondoka, tena kwa kumlaumu. Na uaminifu unaotajwa kwa staili hiyo unaishia kumfanya mtu aonekane bei rahisi: aliyevumilia analipwa kidogo kwa sababu anajulikana kuwa atavumilia, na mgeni analipwa vizuri kwa sababu anajulikana kuwa ataondoka.

Wakati mvutano ukiendelea, Yanga walikuwa wakiandika historia. Walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023, wakashinda 1-0 kule Algiers tarehe 3 Juni, wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Feisal, aliyekuwa na kila sifa ya kuanza mechi zile mbili, alikuwa nyumbani. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliialika timu Ikulu kwa chakula cha jioni, na katika hotuba yake akawaomba viongozi walimalize suala la Feisal. Ndani ya wiki hiyo akauzwa kwa Azam FC.

Jambo lililoshindikana kwa miezi mitano mbele ya kamati lilimalizwa kwa siku chache baada ya kauli ya Rais. Wengi walilifurahia. Mimi liliniachia wasiwasi, maana wachezaji wengine wenye migogoro kama hiyo, wa Ligi Kuu na wa madaraja ya chini, hakuna chakula cha jioni Ikulu kitakachowahusu.

Kisheria, mchezaji wa leo hayuko mikono mitupu kama wa zamani. Njia ilifunguliwa na Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990, klabu ikataka kumpunguzia mshahara hadi kiasi kidogo sana, akapata timu Ufaransa, Dunkerque, na Liège wakamzuia kwa kudai ada ya uhamisho ya mtu ambaye hawakuwa tena na mkataba naye. Alipigana mahakamani mpaka tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ilipoamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru. Bosman mwenyewe hakufaidi; miaka yake ya kucheza ilikuwa imeliwa na kesi. Waliokuja nyuma yake ndio waliotajirika.

Kanuni za FIFA za sasa zinaruhusu mchezaji azungumze na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Haziruhusu mkataba uzidi miaka mitano, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu. Na klabu ikikaa na mishahara miwili ya mchezaji bila kulipa, anaweza kuiandikia, kuipa siku 15, na ikishindwa kulipa akavunja mkataba kwa haki. Kanuni hii ya mwisho ingepaswa kubandikwa ukutani katika kila kambi ya timu Tanzania. Inafuta kabisa ule usemi kwamba mchezaji mzuri ni yule anayecheza bila kulipwa kwa ajili ya nembo.

Bernard Morrison ndiye aliyetuonyesha mkataba unaweza kugeuka kuwa nini mikononi mwa watu wasio makini. Mghana huyu alikuja Yanga Januari 2020, na Machi akawafunga Simba kwa mpira wa adhabu, bao pekee la mechi. Kufika Agosti alikuwa Simba. Yanga walisema alishaongeza mkataba, yeye akasema hakuongeza. Kamati ya TFF ilikaa siku tatu ikaona mkataba ule una kasoro, ikamwachia huru. Yanga wakalipeleka suala hilo kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, nako wakashindwa mwaka 2021. Mwaka 2022 akarudi Yanga, akapokelewa kwa shangwe, na waliomwita tapeli wakawa wanaimba jina lake. Kuhusu Morrison sina la kumtetea sana. Alipenda sana vurugu. Ila katika kesi yenyewe, nyaraka ziliisaliti klabu kabla ya mchezaji kufanya hivyo.

Nikiulizwa mchezaji anadaiwa nini basi, jibu langu ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Anadaiwa kucheza kwa nguvu zake zote hadi siku ya mwisho ya mkataba, hata kama ameshajua anakwenda wapi. Anadaiwa asisaini sehemu mbili. Anadaiwa aseme ukweli akiulizwa na mwajiri wake. Akiyatimiza hayo, hana deni lingine, hata kama kesho asubuhi ataonekana na skafu ya kijani na njano. Na klabu inadaiwa kumlipa kwa tarehe, kumpa nakala ya mkataba katika lugha anayoielewa, kumwambia mapema kama haitamwongezea, na kutomwachia ajue kutoka mtandaoni kwamba kazi imeisha. Kijana wa miaka 19 anayeletwa mjini kutoka Kigoma au Pemba, anayewekewa karatasi mbele na kuambiwa saini hapa mwanangu, sisi ni familia, hayuko katika hali ya kuwadai viongozi mambo hayo. Ndiyo maana chama cha wachezaji na mwanasheria wake vina kazi ya kufanya katika chumba kile kabla kalamu haijashikwa, na kipengele cha bei ya kuvunja mkataba kikae wazi, kwa tarakimu na kwa utaratibu, ili asije mwingine akaweka fedha benki na kukuta hazina maana.

Msimu wa 2023/24 Feisal aliifungia Azam mabao 19 katika ligi, akizidiwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga peke yake, mwenye 21. Machi 2024 aliifunga Yanga katika ushindi wa 2-1. Azam walimaliza nafasi ya pili, wakaipiku Simba kwa tofauti ya mabao na kukata tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Yanga, waliokuwa wameambiwa hawataweza bila yeye, wakatwaa ubingwa tena, safari hii na Mkude akiwa kwenye kikosi chao.